SOMO LA REDIO: AMPLIFAYA ILIYOACHWA IKIWAKA USIKU

  Kila mmoja aweke daftari na kalamu mbele yake, maana leo tutapiga hesabu ndogo. Kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya saba: amplifaya, valvu, transista, swichi, plagi, fyuzi, uniti. Yasomeni pamoja, polepole, mara mbili.

Leo tutazungumza habari za chombo cha muziki kilichosahauliwa kikiwaka. Msidhani kwamba jambo hili ni la wapiga muziki peke yao. Katika vijiji vyetu chombo cha namna hii aghalabu ni mali ya watu wengi. Kwaya imechanga, au kikundi cha vijana kimeuza mahindi na mbuzi, hata kikapatikana. Kikiachwa kikiwaka usiku kucha, asubuhi huanza maswali. Nani aliyetoka mwisho? Je, kimeharibika? Nani atalipa? Watu hugombana kabla hawajajua kama kuna kitu chochote kilichoharibika.

Basi tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kinachotokea ndani ya chombo kikiachwa kikiwaka. Pili, lililo salama kufanya ukikikuta katika hali hiyo. Tatu, namna ya kuzuia jambo hili lisitokee tena.

AMPLIFAYA NI KITU GANI?

Wengi wenu mnalijua litungu la Wakurya. Lina nyuzi nane, na mwili wake ni wa mti uliowambwa ngozi. Mpigaji akigusa uzi, ngozi na mti hutikisika, na sauti huenea uwanjani. Litungu halihitaji umeme.

Gitaa la umeme si hivyo. Kwa kawaida mwili wake ni ubao mzito usio na uwazi ndani. Ukilipiga bila waya, anayesikia ni wewe na mtu aliyekaa karibu nawe. Lakini chini ya nyuzi zake mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo mno huzaliwa katika waya ule. Umeme huo hauwezi kusukuma spika. Lazima kwanza ukuzwe. Chombo kinachoukuza ndicho amplifaya.

Zipo amplifaya za namna mbili. Namna ya kwanza hutumia transista, ambazo ni vipande vidogo vigumu visivyohitaji kuwashwa moto ndani. Transista ya kwanza ilifanya kazi nchini Marekani mwezi wa Desemba, 1947, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain. Amplifaya nyingi zinazouzwa madukani leo ni za namna hii. Namna ya pili hutumia valvu, yaani chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa. Hizi ni za zamani zaidi. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu mwaka 1904, na miaka michache baadaye Lee de Forest wa Marekani aliiongezea kitu cha tatu ndani, ikaja kutumika kukuza sauti.

Kabla ya transista kuenea, redio zote za kukuza sauti zilikuwa za valvu. Mwaka 1949 watu wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo inaitwa Zambia, walianza kuuziwa redio ya valvu iliyotumia betri kavu. Iliitwa Saucepan, kwa sababu kasha lake lilikuwa la mviringo mfano wa sufuria. Mwenye redio ile akisahau kuizima, betri ililiwa bure usiku kucha. Mnaona kwamba usahaulifu huu si wa leo.

Bendi za dansi za miaka ya 1960 nazo zilipiga magitaa ya umeme wakati ambapo amplifaya nyingi za gitaa duniani zilikuwa bado za valvu. Morogoro ilikuwapo Morogoro Jazz, aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe, na mkoani kwetu, mjini Musoma, ilikuwapo Mara Jazz. Hata leo amplifaya za valvu hutengenezwa, kwa kuwa wapiga gitaa wengi huipenda sauti yake. Kwa hiyo inaweza kufika mikononi mwa kikundi chako, mpya au iliyokwisha kutumika.

Utaitambuaje? Ni nzito kuliko ukubwa wake. Ukiiwasha haitoi sauti mara moja. Hungoja sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Na ukichungulia kwa nyuma utaona chupa za kioo zenye mwanga wa rangi ya chungwa.

NDANI YA VALVU

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Ndani ya valvu mna vitu vitatu vya kukumbuka. Katikati pana kibomba kinachopashwa moto na waya mdogo wa umeme. Kikishika moto hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni, kama sufuria ya maji ya moto inavyotoa mvuke. Pembeni pana kibati kinachozivuta chembe zile kwa nguvu nyingi. Katikati ya kibomba na kibati pana wavu mwembamba.

Fikirini zizi la ng'ombe asubuhi. Ng'ombe mia wanataka kutoka kwenda malishoni. Mlangoni amesimama mtoto mmoja ameshika mti wa kufungia. Akiusogeza kidogo, wanapita wengi. Akiurudisha kidogo, wanapungua. Mtoto hana nguvu ya ng'ombe mia, lakini mkono wake mdogo ndio unaoamua wangapi wapite. Ule wavu ndio mlango wa zizi. Umeme mdogo wa gitaa ndio mkono wa mtoto. Kundi la ng'ombe ni umeme mkubwa unaokwenda kusukuma spika.

Je, mpiga gitaa akienda zake nyumbani na kuacha swichi ikiwa imewashwa, inakuwaje? Mkono wa mtoto umetulia, lakini mlango haukufungwa kabisa. Ng'ombe wanaendelea kupita kwa kiasi. Kibomba kinaendelea kushika moto. Chombo kimya kabisa, na huku ndani kinatumia umeme na kutoa joto, kama jiko lililoachwa na makaa chini ya sufuria tupu.

Kiongozi, andika ubaoni: KUNYAMAZA SI KUZIMIKA. Darasa lisome.

Amplifaya nyingine zina swichi ya pili, ya kusubiri. Swichi hiyo hunyamazisha sauti, lakini valvu huendelea kupashwa moto. Basi kuiacha katika hali ya kusubiri si kuizima.

JINSI INAVYOSAHAULIWA

Mara nyingine mtu husahau tu. Lakini huku kwetu iko njia moja ambayo humpata hata mtu mwangalifu. Kikundi kinafanya mazoezi, umeme unakatika. Taa zote zinazimika, hata kile kitaa chekundu cha amplifaya. Watu wanangoja, wanachoka, wanafunga mlango, wanakwenda kulala. Hakuna anayekumbuka swichi, kwa sababu chombo kinaonekana kimezimika. Usiku wa manane umeme unarudi. Amplifaya inawaka peke yake katika chumba kilichofungwa.

Jambo lile lile hutokea kwa mita ya LUKU. Uniti zimekwisha katikati ya mazoezi. Kesho yake mtu mwingine anaingiza uniti mpya kwa ajili ya taa, naye hajui kwamba stoo kuna chombo kilichoachwa na swichi yake chini. Hata kwa jenereta ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi na kutoa plagi, hata kama unaamini utarudi baada ya dakika tano. Na umeme unaporudi huenda usiwe sawa kwa muda mfupi; ukapanda au ukashuka. Chombo kilichotolewa plagi hakipatwi na mshtuko huo.

TUPIGE HESABU

Tuseme amplifaya yetu hutumia wati 100 hata wakati hapigi mtu. Ya kwako yaweza kuwa chini au juu kidogo. Iliachwa saa tatu usiku, ikakutwa saa moja asubuhi. Hesabuni saa kwa vidole. Ni saa 10. Wati 100 mara saa 10 ni 1,000. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo usiku mmoja umekula uniti 1. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa ninyi, mtaona hasara ya umeme.

Sasa tuseme iliachwa Ijumaa saa tatu usiku, ikakutwa Jumapili saa moja asubuhi. Hizo ni saa 34. Wati 100 mara 34 ni 3,400, yaani uniti 3 na sehemu 4 za kumi.

Wenye umeme wa jua nao wasikilize. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa saa-ampea 100, ikiwa mpya na imejaa, ina wati-saa 1,200 kwa jumla. Usiku mmoja wa kusahau hula 1,000. Betri ya risasi ikikaushwa namna hiyo mara kwa mara huharibika upesi. Hapo hasara ya betri yaweza kuzidi hasara ya amplifaya.

JE, IMEHARIBIKA?

Jibu litawafurahisha wengi. Kwa kawaida amplifaya nzima, iliyoachwa mahali penye hewa na huku spika yake imeunganishwa, haifi kwa sababu ya usiku mmoja. Valvu huchakaa kwa saa inazowaka, kama soli ya kiatu. Tuseme valvu kubwa ina maisha ya saa 2,000. Saa 10 ni sehemu moja katika 200. Imepunguka maisha, lakini haikufa.

Mambo manne huifanya hasara iwe kubwa.

La kwanza ni kuifunika. Watu huweka kanga au turubai ili vumbi lisiingie. Ikifunikwa ikiwaka, joto halina pa kutokea. Kitambaa, mkeka au karatasi zilizo karibu zaweza kuungua.

La pili ni uchakavu. Amplifaya ya miaka mingi ina vipande vya ndani, viitwavyo kapasita, ambavyo hudhoofika kwa umri na kwa joto. Saa nyingi za kuwaka zaweza kuvimaliza.

La tatu ni waya wa spika uliochomoka. Amplifaya ya valvu haipendi kuwashwa bila spika. Ikipata sauti ya kukuza na sauti hiyo haina pa kwenda, transfoma yake yaweza kuungua. Transfoma ni ghali.

La nne ni fyuzi ya uongo. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uungue kwanza, ili chombo kisiungue. Mtu akiweka waya mnene au karatasi ya sigara mahali pake, amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

UKIIKUTA IKIWAKA

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

1. Simama mlangoni kwanza. Tazama, nusa, sikiliza. Ukiona moshi au moto, usiiguse amplifaya. Kata umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia salama. Watoe watu. Usimwage maji juu ya chombo chenye umeme. Moto mdogo, umeme ukiisha kukatwa, waweza kuzimwa kwa mchanga mkavu. Moto ukizidi, kaa nje, ita majirani, na piga simu 114 kwa Zimamoto.

2. Kama hakuna moshi wala harufu ya kuungua, punguza sauti mpaka mwisho. Zima swichi. Kisha toa plagi kwa kushika plagi yenyewe. Usivute waya.

3. Ondoa kitambaa kilichofunika. Fungua madirisha.

4. Iache pale pale ipoe kwa muda wa saa moja. Usiibebe ikiwa ya moto, kwa kuwa valvu iliyo moto haivumilii kugongwa. Usiguse kioo, kitakuchoma. Usiipoze kwa maji wala kitambaa kibichi, kwa maana kioo kitapasuka.

5. Ikipoa, chungulia kwa nyuma bila kufungua. Je, pana alama za kuungua, au harufu kali, au kioo kilichopasuka au kugeuka cheupe ndani? Ukiona mojawapo, usiiwashe tena. Mpelekee fundi.

6. Kama yote ni mazuri, hakikisha waya wa spika umeingia vizuri. Kisha iwashe watu wakiwapo, na mkono uwe karibu na swichi. Mwanga wa chungwa katikati ya valvu ni wa kawaida. Lakini kibati chenyewe kikigeuka chekundu, au spika ikinguruma kwa nguvu ingawa hapigi mtu, zima mara moja. Fundi aitazame.

USIFUNGUE KASHA

Umeme wa ukutani ni volti 230, nao waweza kuua. Ndani ya amplifaya ya valvu aghalabu mna volti 300 mpaka 500. Tena zile kapasita huweka umeme kama mtungi unavyoweka maji. Hata plagi ikiisha kutolewa, umeme waweza kubaki ndani. Kijana akifungua kasha kwa bisibisi kutafuta kilichoungua, akagusa mahali pabaya, anaweza kufa mbele ya wenzake. Chombo kinaweza kununuliwa tena.

Fundi anayejua kazi huondoa kwanza umeme uliobaki, kisha hupima kwa mita kuhakikisha umekwisha. Fundi asiyefanya hivyo msimkabidhi amplifaya ya valvu, hata kama ni hodari wa kutengeneza simu.

NANI ATALIPA?

Turudi kwa ile kwaya na kile kikundi cha vijana. Desturi ya wengi ni kumtafuta aliyetoka mwisho na kumtoza faini siku ile ile. Desturi hii ina hatari. Mtu anayeogopa faini, akikuta amplifaya inawaka alfajiri, ataizima kimya kimya, ataifunika, na hatasema neno. Jioni mwenzake atawasha chombo ambacho huenda kimeungua ndani, naye hana habari. Siri ile yaweza kuleta moto, au kumdhuru mtu asiye na kosa.

Heri kikundi kikubaliane mapema kwamba anayetoa habari hatukanwi. Kwanza chombo kikaguliwe. Kama hakuna kilichoharibika, hasara ni uniti moja au tatu, na hesabu yake mmeijua. Kama kimeharibika, fundi aseme ni kitu gani na kwa sababu gani. Pengine sababu ni kitambaa alichofunika mwingine, au fyuzi ya uongo iliyowekwa mwaka jana. Hapo ndipo wazee wa kikundi wakae na kuamua kwa haki.

Na hapa ndipo kusoma na kuandika kunapoleta faida. Fanyeni mambo mawili. Kwanza, chukueni kipande cha boksi, andikeni kwa herufi kubwa: ZIMA. TOA PLAGI. Kitundikeni mlangoni kwa ndani, mahali ambapo lazima kila anayetoka akione. Pili, wekeni daftari moja lenye safu nne: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, jina la aliyezima. Anayefunga mlango ndiye anayetoa plagi, na ndiye anayeandika. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, sheria ni ile ile.

Daftari hilo si la kumkamata mtu. Mkono ukiandika saa ya kuzima, macho hukumbuka kutazama swichi. Na mwisho wa mwezi mtajumlisha saa zote, mjue valvu zenu zimefanya kazi kiasi gani.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini amplifaya ya valvu hutumia umeme hata kama hapigi mtu?
2. Umeme ukikatika wakati wa mazoezi, jambo la kwanza la kufanya ni lipi?
3. Amplifaya ya wati 80 imeachwa kwa saa 25. Imekula uniti ngapi?
4. Taja mambo manne yanayoongeza hasara.
5. Kwa nini ni hatari kufungua kasha hata baada ya kutoa plagi?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi achore zile safu nne katika daftari lake, aziandikie vichwa, na kujaza mstari mmoja wa mfano. Kisha atazame nyumbani kwake au mahali anaposali, aandike vyombo viwili vinavyotumia umeme huku vimenyamaza. Kiongozi atavisoma mbele ya darasa, na wanafunzi waseme kila kimoja kinafaa kutolewa plagi na nani, na saa ngapi.

Jibu la swali la tatu ni uniti 2. Aliyepata 2,000 hakukosa kuzidisha. Amesahau kugawa kwa 1,000. Ajaribu tena.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.